Mwenye Meli Hakuja Matangani

Mama yangu alivaa nguo nyeusi muda mrefu kuliko ilivyompasa, na wa kulaumiwa ni meli. Nasema meli kwa sababu mpaka leo sijapewa mtu. Ningepewa mtu mwenye jina na uso, ningemtukana mara moja nikapumzika. Chuma hakitukaniki, na hasira isiyo na pa kwenda hubaki nyumbani na wenyewe.

Nianze na baba. Alifia Kongo, alikokwenda kumzika kaka yake. Homa ilimkuta huko huko, na tulipopigiwa simu walikuwa wameshamzika. Barabara ya kwenda kwetu ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Hata isingekuwa hivyo, sisi ni wakimbizi, na mkimbizi akirudi alikokimbia, ofisi za Kampala zinamuuliza anaogopa nini tena. Kwa hiyo baba ana kaburi ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitia macho. Mama alimlilia hapa Kampala, mtaa wa Nateete, katika chumba chetu nyuma ya soko, bila hata konzi ya udongo ya kutupa.

Kwetu mjane hukaa na nyeusi mpaka siku ya kutoa matanga, na kwa kawaida ni baada ya mwaka. Siku hiyo ukoo na kanisa huvaa kitenge cha aina moja, na mwenye uwezo huchapisha kitenge chenye uso wa marehemu. Mama aliamua mapema. Kwa kuwa hatukuwa na kaburi, tungekuwa na kitenge. Tuliitafuta picha nzuri ya baba tukaipata moja tu, aliyopigwa studio hapo Nateete akiwa amefunga tai ya kuazima, amekaza macho kama anayesubiri kuulizwa swali. Hiyo ndiyo iliyowekwa ndani ya duara, huku na huku njiwa, chini yake maneno ya zaburi.

Kuchapisha kitenge si jambo la kwenda dukani. Viwanda viko Asia, na havisumbukii familia moja. Lakini mama alikuwa muuza vitenge, na alikuwa katika kikundi cha akina mama wa Kikongo ambao huagiza mzigo pamoja, kontena moja kwa jina moja, jina la mwenyekiti wao tunayemwita Mama Prezidante. Kiwanda kilikubali kuchapisha kitenge cha baba kwa sababu oda ya kikundi ilikuwa kubwa. Mama aliomba marobota ya baba yapakiwe mwisho, mlangoni mwa kontena, ili yatoke kwanza.

Sijui kama nimeeleza vya kutosha ile nyeusi ilikuwa nini. Mama alikaa kwenye kibanda chake sokoni, katikati ya rangi zote za dunia, manjano, buluu, nyekundu ya pilipili, yeye mwenyewe mweusi ti. Wateja walisita. Nani anunue kitenge cha kumpelekea bibi harusi kutoka mkononi mwa mwanamke aliye matangani? Mwisho alianza kukaa nyuma, mimi nikitoka kazini jioni nasimama mbele. Lakini kilichoniumiza zaidi ni kuimba. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya, na nyumbani aliimba hata akichagua maharage. Mjane haimbi mpaka matanga yatoke. Nyumba yetu ilikuwa kimya hadi unasikia jirani akitafuna.

Basi tukawa tunahesabu kuelekea siku ile. Mchungaji alishakubali. Ndugu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale walishaanza kuomba ruhusa ya kusafiri. Kontena lilikuwa melini.

Habari ya meli niliiona kazini. Mimi ni mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno Bukoto, na asubuhi ile wagonjwa wote walikuwa wameinamia simu. Meli kubwa ya mizigo ilikuwa imekwama katika mkondo mwembamba huko Asia, mkondo unaopitwa na meli zote za upande ule. Ilikuwa imelala mshazari, pua kwenye tope la ukingo huu, mkia karibu na ukingo ule, na nyuma yake foleni ya meli nyingine hadi macho yanachoka. Watu walicheka. Mmoja alisema hata madereva wa Kampala wana nafuu. Mimi nami nilicheka, kwa nini nisicheke?

Mchana wakala wetu wa kutoa mizigo bandarini alinipigia. Ni Mganda aliyekaa Mombasa miaka mingi, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kwetu sote. Alisema, "Dada, ile meli umeiona kwenye simu? Mzigo wenu umo."

Meli ilivutwa. Boti za kuvuta meli zikaleta kamba, mashine zikachimba tope, wakafanikiwa kuikwamua. Wenye mkondo wakaishikilia wakidai fidia yao kwa njia iliyofungwa, wakazungumza na wenye meli huko juu wanakozungumza wakubwa, ikaachiliwa. Tuliona kwamba sasa yamekwisha. Mama alinunua hata viatu vya siku ya kutoa matanga, vya rangi ya maziwa, akaviweka ndani ya boksi juu ya kabati.

Kisha wakala akaja Nateete mwenyewe, na mtu wa aina yake akija mwenyewe ujue si heri. Akina mama walikusanyika kwenye kibanda chetu. Alisema kontena limefika Mombasa ila halitoki. Mwenye meli ametangaza kwamba hasara ya kuivuta meli ni ya wote. Kila aliyekuwa na mzigo melini achangie, kadiri ya thamani ya mzigo wake. Wenye bima, bima yao inaweka saini na mzigo unatoka. Sisi hatukuwa na bima ya aina hiyo, kwa hiyo tuweke fedha taslimu kwanza, hesabu kamili itakuja baadaye.

Niliuliza, "Baadaye lini?"

"Dada, hawa watu wa hesabu wanaweza kuchukua miaka."

Nilisimama. Nilimwambia asirudie tena neno alilosema, kisha nikamwambia alirudie, kwa sababu sikuwa nimeamini. Nani aliiingiza meli kwenye tope? Nahodha wa mwenye meli. Nani alicheleweshwa? Sisi. Nani analipa? Sisi! Yaani mtu anakugonga kwa gari, kisha anakuletea karatasi uchangie winchi.

Wakala alinivumilia, maana ni mtu mpole. Alinieleza sheria kipande kimoja kimoja, na kila kipande kilizidi kunipandisha damu. Kwanza, katika karatasi ya mzigo, ile yenye maandishi madogo upande wa nyuma, imeandikwa kwamba nahodha akikosea kuendesha, mwenye meli hawajibiki kwa mzigo wako. Pili, kuchelewa hakulipwi. Mzigo ukichelewa mwezi au zaidi, pole yako. Tatu, hata wale wakubwa wanaomdai mwenye meli, kuna kiwango ambacho sheria inamruhusu aseme nimefika hapa, silipi zaidi. Kiwango kinapimwa kwa ukubwa wa meli, hakipimwi kwa ukubwa wa machozi ya mtu. Tukiona ametukosea sana, kwamba meli yenyewe ilikuwa mbovu tangu ilipong'oa nanga, tunaweza kwenda kushitaki katika mji fulani wa mbali tusioujua hata kwa ndoto, lakini tuweke fedha kwanza.

"Mwenye nguvu mpishe," nilisema, na sikusema kwa heshima.

Wakala akakosea hapo. Kwa kutaka kunituliza akaeleza sheria hiyo ilikotoka. Alisema ni ya zamani sana. Meli ikipigwa na dhoruba na nahodha akatupa baharini mzigo wa mmoja ili meli isizame, wale ambao mizigo yao ilipona walikusanyika wakamfidia aliyetupiwa. Haikuwa haki mmoja aumie kwa ajili ya wote.

Niliwaona akina mama wakitazamana. Nikaona vichwa vikianza kuitikia, na moyo ukanianguka, kwa sababu nawajua.

Mama Prezidante ndiye aliyesema. "Ile sheria haiko mubaya. Njo vile na siye tunafanyaka."

Na kweli ndivyo wanavyofanya. Kibanda cha mmoja wao kiliungua, wote wakachanga akaanza upya. Mwingine aliporwa mzigo njiani, wakachanga. Hakuna aliyeuliza kama mwenye kibanda alisahau mshumaa. Sheria ya kikundi ni kwamba hasara ya mmoja ni ya wote, na waliiona sheria yao wenyewe imerudi kwao kutoka ng'ambo ya bahari, imevaa suti, wakaitambua kama mtoto wa ndugu.

Mama yangu aliuliza kutoka nyuma, kwa sauti yake ya matanga, "Ule mutu alipata hasara, banamwita nani?"

Wakala hakuelewa. "Nani, mama?"

"Bwana ya meli. Tukimuchangia, tutamuombea. Tunamuombea na jina gani?"

Nilitaka kulia. Niliwaambia wao ni wajinga, neno ambalo sijawahi kumwambia mwanamke aliyenizidi umri, na Mama Prezidante akaniambia nikae chini. Niliwaambia huyu si mwenzao. Mwenzao akiunguliwa huja akakaa mbele yao, anaeleza moto ulianzaje, wanauona uso wake umevimba kwa kulia. Huyu hajaja. Huyu hajaungua. Mama akanijibu kwa upole ulionichoma kuliko kofi.

"Mutoto wangu, labda njia iko mbali. Nasi kwa kilio ya baba yako, hatukufika."

Wakachanga. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, na fungu la mama lilikuwa fedha ya ng'ombe. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya chakula cha siku ya kutoa matanga, kwa sababu baba alikuwa mtu wa nyama na isingefaa aagwe kwa maharage. Ng'ombe wa baba yangu akaenda kuvuta meli.

Na bado kontena halikutoka. Fedha ilipokelewa upande huu, ikasubiri kuthibitishwa upande ule, karatasi ikarudi kwa sababu saini ya Mama Prezidante haikufanana na ya kwenye pasi yake. Wakati wote huo bandari ilikuwa ikitutoza kwa kuhifadhi mzigo ambao wao wenyewe walikataa kuutoa. Niliposikia hilo nilicheka, kicheko kibaya, hadi mgonjwa aliyekuwa akisubiri jino lake ling'olewe akanihurumia mimi.

Siku iliyopangwa ikafika kama siku zinavyofika. Ndugu wa Nakivale walishakuja na mabasi, wamelala chini chumbani kwetu na kwa majirani. Mchungaji alisema Mungu haangalii nguo, tuendelee na ibada, mama avue. Mama alikataa kutoa matanga.

"Siwezi kutosha kilio ya mutu asiyekuwa hapa," alisema. "Anakuya na kontena."

Watu walikula maharage. Walisali, jioni wakaanza kukusanya mizigo yao. Shangazi yangu, dada wa baba, alinikumbatia kituoni na kuniambia kwamba hatapewa ruhusa tena mwaka ule. Alikuwa amesafiri kumuaga kaka yake na anarudi hajamuaga. Sijawahi kuona mwenye meli akiandikiwa hasara hiyo mahali popote. Watu wa hesabu wanajua thamani ya kamba, ya boti za kuvuta, ya mafuta, ya siku za mkondo kufungwa. Shangazi hayumo.

Mama akarudi nyuma ya kibanda na nguo yake nyeusi, ambayo sasa ilikuwa imepauka mabegani ikawa rangi ya majivu. Aliifua, akaivaa tena. Viatu vya rangi ya maziwa vikabaki juu ya kabati.

Kontena lilipofika hatimaye Kampala, marobota ya baba yalitoka kwanza kama mama alivyoomba. Wakala alikata kamba ya moja akalifungua pale pale. Baba alikuwa mwingi. Alitutazama na tai yake ya kuazima mara mia, njiwa huku na huku, rangi haijapotea hata kidogo. Mama hakulia. Alipitisha kiganja juu ya uso mmoja, wa pili, wa tatu, kama mtu anayewapapasa watoto waliolala, kisha akaanza kugawa akilini: wa kwaya, wa Nakivale, wa akina mama wa kikundi.

Kipande kimoja akakiweka pembeni. Nikamuuliza cha nani.

"Cha bwana ya meli," alisema. "Tulimuchangia. Atakuya ku kilio, ao atatuma mutu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Kwa kikundi chao, ukichangiwa unakuwa na deni la kufika. Hulipi fedha, unalipa miguu. Akifiwa aliyekuchangia, unakwenda, unavaa walichovaa, unakaa. Ukishindwa unatuma mtu. Kwa mama hilo lilikuwa wazi kama jua, na nilikuwa na uchaguzi wa kumwambia ukweli au kumsindikiza. Nilimsindikiza. Nilikuwa na hamu ya kuwaona watu wa meli wakijibu.

Ofisi ya wakala wa meli iko njia ya kwenda Luzira. Mama alivaa nyeusi yake iliyopigwa pasi, amekipakata kitenge ndani ya mfuko safi. Msichana wa kaunta alikuwa mtoto wa askari, amekulia kambi ya jeshi wanakosema Kiswahili, na alipokisikia akafurahi, akatuletea viti. Mama alimweleza yote kwa utaratibu: meli, mchango, baba, siku mpya ya kutoa matanga. Akaweka kitenge juu ya kaunta. Akasema amekuja kumwalika mwenye meli.

Msichana alikitazama kitenge, akanitazama mimi, na sikumsaidia.

"Mama," alisema, "mimi hapana jua yeye. Sisi hapa tunapokea karatasi tu."

"Basi nipe mwenye anamujua."

Alijaribu, nampa haki yake. Aliingia ndani akatoka na mkubwa wake, akaingia tena peke yake, akafungua kompyuta. Alitueleza anachokiona. Meli ni ya kampuni moja. Kampuni hiyo ni mali ya kampuni nyingine, ambayo anwani yake ni sanduku la posta kisiwani. Bendera ni ya nchi ya tatu, ambayo pengine meli haijawahi kufika. Walioikodi ni wengine, wanaoiendesha ni wengine, mabaharia wametoka kwingine kabisa, na nahodha aliyekuwepo siku ile hayupo tena.

"Mama, mutu hakuna," alisema mwisho, kwa aibu, kana kwamba ni kosa lake. "Iko makampuni tu."

Nilimwona mama akirudi nyuma akilini, pole pole, hadi kwenye kibanda siku ile ya mchango.

"Sasa siye tulichangia nani?"

Msichana alisema kama mama anataka, anaweza kukiacha kitenge pale, akija mtu yeyote wa meli atampa. Mama alikichukua kutoka kaunta, akakikunja uso wa baba ukiwa ndani, akasema hakiachwi kwa kaunta. Tukarudi Nateete, yeye amekipakata tena.

Matanga yalitoka Jumamosi iliyofuata. Ndugu wa Nakivale hawakuwepo. Kanisa lilijaa uso wa baba, migongoni, vifuani, kwenye vilemba, na mama alivuliwa nyeusi na wajane wenzake nyuma ya pazia, akatoka amevaa mume wake na viatu vya rangi ya maziwa. Kuna desturi kwamba kabla ya chakula, mwenye matanga husimama kuwashukuru waliokuja na kuwataja waliotuma mtu. Mama alishukuru, akataja. Kisha akainua kile kipande kilichokunjwa.

"Kuko mutu moja tulimuchangia hasara yake," alisema. "Tulimupa ng'ombe ya bwana wangu. Nilimufwata mpaka ku ofisi yake. Hakukuya, na hakutuma mutu."

Watu waliguna. Kwetu hilo si jambo dogo. Nimewahi kuona mwanamke akihama mtaa kwa kusemwa hivyo.

Mama Prezidante alisimama polepole, ana magonjwa ya magoti. Hakuhitaji kuuliza ni nani.

"Huyo tumemutosha mu kikundi," alisema. "Akikwama tena, asituite."

Akina mama wakaitikia amina, wote, kwa uzito, kama wanavyofanya wanapomtoa mtu kweli. Mama akakiweka kitenge chini, akafumba macho, akaanzisha wimbo. Sauti ilikwaruza mwanzoni. Kwaya ilimsubiri kwa adabu, na alipolipata neno la pili wakamfuata.

Mimi nililia, lakini si kwa wimbo peke yake. Akina mama wale sasa wanajaza kontena jingine, na nyuma ya karatasi yake kuna maandishi madogo yale yale, nimeyasoma. Fedha ya ng'ombe bado iko huko inakohesabiwa. Mwenye meli alifukuzwa mbele ya kanisa zima, kwa haki, na watu waliokuwa na kila sababu. Na yeye hajui.